UTOMVU WA MNYAA NA MACHO YETU

Ndugu wafanyakazi,

Mti wa mnyaa hakuna asiyeujua. Wakikuyu huuita kariaria, Wajaluo huuita ojuok. Watu huupanda kuzunguka boma na shamba kwa kuwa hustahimili ukame na ng'ombe hawauli. Lakini kile kinachomfukuza ng'ombe ndicho kinachomwumiza mkata ua: yale maziwa meupe yatokayo tawi likikatwa.

Ukikata kwa panga, hasa siku ya upepo, maziwa hayo huruka. Tone moja likiingia jichoni, jicho huwaka kama limetiwa pilipili, huvimba, na mtu hawezi kutazama mwanga. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi maumivu huzidi usiku na kesho yake, kwa kuwa ngozi nyembamba ya kioo cha jicho imechubuka. Atibiwaye mapema kwa kawaida hupona katika siku chache au majuma mawili. Akikawia, na jicho likaingiwa na vijidudu, aweza kubaki na kovu na kupoteza nuru yake.

Hata hivyo kazi hii hutolewa kama kazi isiyo na hatari. Shika panga, kata ua! Miwani hakuna, maji hakuna. Mtu akiumia, nyapara husema, "Ajali haina kinga." Sisi twajibu: hii ina kinga, na bei yake ni ndogo.

Tena si hisani tunayoomba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri atoe mavazi ya kujikinga, pamoja na glovu na miwani inapohitajika, kwa kazi yenye vitu vya kudhuru. Penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Na kwa Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo, tajiri akishaarifiwa ajali lazima aipeleke kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7, na madai ya fidia yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Kwa hiyo ndugu, usikubali kuambiwa "nenda ukalale" bila jina lako kuandikwa. Jicho lisiloandikwa halilipwi.

Nasi tuna wajibu wetu. Miwani ikitolewa tuivae, isitundikwe shingoni. Tusimame upande utokako upepo. Tusiguse uso kabla ya kunawa mikono kwa sabuni. Mwenzetu akipatwa, asisugue jicho. Mmwagilieni maji safi mengi mara moja, kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpelekeni hospitali siku ile ile, na mwambieni daktari ni mti gani. Msitie dawa ya miti shamba, wala maziwa ya mama, wala dawa ya matone iliyobaki ya mtu mwingine.

Tunadai mambo matatu kila mahali unapokatwa mnyaa: miwani kwa kila mkataji, ndoo ya maji safi karibu naye, na kitabu cha ajali kilicho wazi. Haya ni ya kibarua wa siku moja sawasawa na ya mwenye kazi ya kudumu, maana kibarua naye ana macho mawili tu. Mahali yasipopatikana, mwarifuni mwakilishi wa chama kabla panga halijainuliwa.

Umoja ni nguvu.