Dawa Iliyo Hai Haiwekwi Juani

Wasomaji wenzangu, wengi wetu tukisikia neno bakteria hufikiri kipindupindu. Leo nataka kuwatetea baadhi yao, kisha niwalaumu wanaowauza.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakikaa mijini warudi kambini Dzaleka, wilaya ya Dowa. Sisi tuliondoka Mtandire, Lilongwe, tukaiacha meza yetu ya nyanya. Baba akakodi kipande cha shamba kwa wenyeji, akapanda nyanya mwenyewe. Zilipoanza kuzaa zikanyauka, majani yangali ya kijani. Mwalimu wa kilimo alinifundisha namna ya kuutambua ugonjwa huo: kata shina karibu na ardhi, ulisimamishe katika gilasi ya maji safi, ungoje dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikateremka. Ni mnyauko wa bakteria. Huweza kukaa udongoni miaka mingi, na mche ukisha ugua hakuna dawa ya kuuponya.

Msimu wa pili baba akasikia habari za dawa ya maji yenye bakteria wema, akaenda Lilongwe akanunua chupa. Kazi yao si uchawi. Wakitangulia kufika kwenye mizizi hula chakula ambacho adui angekula; wengine hutoa sumu ya kumzuia, tena huuamsha mmea ujikinge. Kwa hiyo yafaa mizizi ya miche ichovywe kabla ya kupandikizwa. Hawaponyi, hupunguza tu hasara. Lakini kwa mtu aliyekodi shamba hilo si dogo.

Basi chupa ile ilikuwa imekaa dirishani mwa duka, juani, na tarehe ya mwisho imefutika. Baba naye (anisamehe) akaimimina katika bomba lililokuwa na mabaki ya dawa ya shaba, ambayo huua bakteria pasipo kuuliza yupi mwema. Nyanya zikafa tena. Sasa jirani zetu wanasema dawa ya bakteria ni uongo. Hapo mimi nabisha: sisi hatukutia bakteria, tulitia maiti.

Tena bakteria hawalingani. Bacillus subtilis, aliyepewa jina hilo na Mjerumani Ferdinand Cohn mwaka 1872, hujifungia ndani ya ganda gumu liitwalo spora. Mwaka 1876 Cohn alionyesha kwamba spora hizo huhimili hata maji yanayochemka. Pseudomonas fluorescens hana spora. Chupa yake yataka ubaridi tangu kiwandani mpaka shambani. Je, mkulima atajuaje ameuziwa yupi, kama karatasi ya chupa haisomeki?

Mwenye duka atajibu kwamba friji ni ghali na umeme hukatika. Ni kweli, nami sina ugomvi naye juu ya hilo. Lakini kivuli ni bure. Na auze ile ya spora, aagize chupa chache chache, akatae kuuza iliyopita tarehe. Nasi wanunuzi tuisome tarehe kabla ya kutoa kwacha zetu, kama tunavyofanya kwa maziwa.

Msimu huu pale palipokufa nyanya tumepanda mahindi, ambayo hayashikwi na mnyauko huo. Baba amenunua bomba la pili, amelipaka rangi ya kijani, na hata mimi siruhusiwi kulitia shaba.