Ufukweni si Baharini

Husemwa, tena kwa majigambo, kwamba mtu wa pwani hahitaji kuhimizwa kukaa karibu na maumbile. Kutafuta miti na upepo ili moyo utulie ni shida ya watu wa London na Dar es Salaam. Sisi wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, bahari iko mlangoni. Hoja hiyo tamu, ila haina mashiko.

Tazama maji ya bamvua yakipwa. Wanawake wamo mwambani, kanga zimekazwa viunoni, wanalijua tundu la pweza kabla hawajainama. Hakuna chuo kinachotoa elimu hiyo. Maji yakianza kujaa, wanatoka, kwani wengi hawakufunzwa kuogelea. Bahari ya kina ni ya wanaume. Mwanamke kaachiwa ile inayopwa.

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Mamia walikufa, na ufukwe huu huu ukapokea manusura na maiti. Sisemi kuogelea kungeliwaokoa wote: meli ilijazwa kupita kiasi, na mkondo ule humshinda hata bingwa. Lakini kuzaliwa kando ya maji hakukumsaidia mtu kitu usiku ule.

Hata kwenye afya, ukaribu pekee hautoshi. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, uliohoji watu karibu 20,000, ulikuta waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maumbile walielekea zaidi kusema wana afya njema. Si ushahidi kwamba moja ndilo chanzo cha jingine. Ila muda wa kukaa bustanini kwako haukuhesabiwa; kilichohesabiwa ni kutoka na kwenda.

Watasema: stara je? Jibu lipo vijiji vya kaskazini hapa hapa. Mradi wa Panje umewafunza wasichana na wanawake kuogelea kwa mavazi yanayofunika mwili mzima. Walioanza walishika madumu matupu ili waelee. Na wanaoishika dini wasisahau maneno mashuhuri yanayonasibishwa na Sayyidna Umar, yanayohimiza kuwafunza watoto kuogelea.

Bahari nayo hufaidika. Anayetembea juu ya mwamba huona jiwe la kukanyagia. Aliyezamisha uso majini huona matumbawe hai, na samaki wanaojificha humo. Bwawa la kasa la Mnarani, hapa Nungwi, lililoanza 1993, ni kazi ya wanakijiji waliokwisha kukutana na kasa, si waliosimuliwa.

Basi skuli zetu ziweke kuogelea kwenye ratiba, wasichana wafunzwe na walimu wa kike, na, ili wote wafike baharini, kila mradi wa hoteli ufukweni uache njia ya wazi ya kufikia maji.