Ardhi ya Wote Ipimwe Kwanza

Mwaka 1963 Serikali ya TANU ilifuta umilikaji wa ardhi wa milele, ili ardhi isiwe bidhaa ya mwenye fedha. Swali la nani mwenye ardhi likapata jibu. Swali la pili, kwamba mjukuu ataipokea katika hali gani, halijajibiwa sawasawa mpaka leo. Wananchi wa Singida, ambako mvua ni haba na mti uliokatwa hauoti upesi, wanalijua swali hilo kuliko sisi tuandikao Dar es Salaam.

Tuutazame msitu wa Mgori, wenye kiasi cha hektari 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikusudiwa uwe hifadhi ya Serikali, na huku miti ikikatwa na mashamba ya kuhamahama yakiula. Katikati ya miaka hiyo shauri likageuzwa: vijiji vitano viupakanavyo vikakabidhiwa kila kimoja sehemu yake, vikatunga kanuni na kuteua walinzi wao wenyewe. Yule yule aliyedhaniwa mharibifu akawa mlinzi, bila mshahara wa Serikali. Kilichombadili ni haki aliyopewa, wala si hotuba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya pamoja na kuiandikisha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikautambua msitu wa kijiji. Basi kasoro iko wapi? Iko katika utaratibu. Hati ya kimila ya mtu mmoja yaweza kumpatia mkopo, kwa hiyo huombwa kwa bidii. Hakuna apangaye foleni kuliombea hati lambo la kunyweshea ng'ombe. Mashamba yakipimwa kwanza, malisho na misitu huwa masazo, na masazo hugawanywa.

Twalitaka Bunge liirekebishe sheria hiyo: asipewe mtu hati kijijini kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaidhinisha na kuandikisha misitu, malisho, vyanzo vya maji na njia za mifugo.

Tutaambiwa kuwa mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji hawezi kungoja. Hoja hiyo ni nzito, wala hatuipuuzi. Mwenye shauri la namna hiyo asikilizwe mara moja, na kazi ya ardhi ya pamoja iwekewe muda usiozidi miezi sita. Gharama za upimaji zichukuliwe na Serikali, zisitupiwe kijiji ambacho mwaka wa ukame hakina hata akiba ya uwele.