Swali la Uzazi Liulizwe Tabora, Kabla ya Safari

Mwanamke wa Ipuli, hapa Tabora, mwenye miaka 29 na mtoto mmoja akikutwa na saratani ya titi, ataondoka hospitali ya Kitete na barua ya rufaa. Ataelekea hospitali ya Bugando, Mwanza, au taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli ya kati. Matibabu yenyewe yanaweza kumharibia uzazi. Je, bado anataka kuzaa? Hilo ataulizwa na nani, na lini?

Wenzetu wa Australia wana kijitabu kwa ajili ya wanawake vijana wenye ugonjwa huu: kinaeleza kila njia ya kulinda uzazi, faida na hasara zake, kisha kinamsaidia msomaji kupima lililo zito kwake. Si pambo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2024 yalikusanya tafiti 209 za miongozo ya aina hii kwa maradhi mbalimbali, na yakaona kuwa wanaoitumia wanaelewa zaidi na wanajua vizuri zaidi wanachokitaka.

Wapo wanaosema kuleta kijitabu kama hicho kwetu ni ukatili. Kugandisha mayai kunataka pesa ndefu. Anayehangaikia nauli ya treni utamwonyeshaje asichoweza kukilipia? Nami niliwahi kuona hivyo. Siku hizi naona hoja hiyo imefanya kugandisha mayai kuwa habari yote.

Habari ni pana zaidi. Siklofosfamidi, dawa ya siku nyingi katika dripu za saratani ya titi, huharibu mayai, lakini wa miaka 29 ana nafasi kubwa ya kurudiwa na hedhi kuliko wa miaka 41. Ipo sindano ya goserelini ya kila mwezi, inayoanzwa kabla ya dripu. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha inapunguza hatari ya ovari kufa kwa wenye uvimbe usiotegemea homoni. Wanaomeza vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka mitano au zaidi nao wana habari yao: utafiti uliotoka 2023 ulikuta kwamba kuvisimamisha kwa muda ili kubeba mimba, chini ya uangalizi wa daktari, hakukuongeza kurudi kwa ugonjwa katika miaka michache ya mwanzo. Miaka ya mbele bado haijajulikana.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ni ngumu zaidi. Mionzi ya nyonga huzima ovari na kuharibu mji wa mimba wenyewe. Upasuaji wa kuuacha mji wa mimba unawafaa waliowahi mapema tu, na wengi wetu huchelewa. Hapo mwongozo mkweli hautoi tumaini. Unamwambia mgonjwa ukweli mapema, asije akagundua mwenyewe nyumbani, mwaka mmoja baadaye, huku wifi wakimwita mgumba.

Kwa nini Tabora? Kwa sababu uamuzi unafanyika Ipuli, mbele ya mume na mama mkwe, si kwenye benchi la Ocean Road ambako dripu ni kesho asubuhi. Zama za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi alibishania uzito wa mzigo kabla ya kuondoka, si akiwa njiani amefika Ugogo. Ila mwanamke aelezwe kwanza peke yake. Mwili ni wake.

Zana hatuhitaji kuibuni. Kliniki za uzazi wa mpango zimezoea bango kitita: mama anatazama picha, nesi anasoma maelezo ya upande wa nyuma. Kurasa sita za Kiswahili zingetosha. Ya mwisho ningeiacha bila picha, iwe na maswali ya kunakili na kwenda nayo kwa daktari: dawa yangu inaitwaje? Hedhi itakatika kwa muda au moja kwa moja? Na nikisubiri wiki mbili, nitapoteza nini?