Sinema ya kutisha na usingizi wa mtoto

Nakiri kwamba napenda sinema za kutisha. Ninayoipenda zaidi ni Jaws ya mwaka 1975. Papa wa bandia aliyetengenezwa kwa ajili yake aliharibika mara kwa mara, hivyo mwongozaji, Steven Spielberg, akalazimika kumficha. Kwa muda mrefu tunaona maji na kusikia muziki tu. Hofu inatoka hapo: akili hujaza yenyewe kile ambacho macho hayajaona.

Mwilini, adrenalini huongezeka, moyo hudunda haraka, viganja hutoa jasho. Mtu mzima hufurahia kwa sababu anajua ni maigizo, na rimoti iko mkononi mwake.

Mtoto mdogo hana kinga hiyo. Sinema ikiisha sebuleni, kwake inaendelea chumbani, gizani. Ndipo huja ndoto mbaya, kukataa kulala peke yake, hata kukojoa kitandani. Wazazi hufika kliniki wakiomba vipimo, wengine wakihofu mtoto amerogwa. Mimi huanza kwa kuuliza: usiku mnaangalia nini?

Usimcheke mwanao wala kumwambia aache uoga. Msikilize, mkumbatie, mwachie taa hafifu. Sinema hizo ziangalie akiwa amelala, na upunguze sauti, maana mlango uliofungwa hauzuii muziki. Hofu ikiendelea kwa wiki kadhaa, au ikivuruga masomo yake, mpeleke kwa daktari.