Deni la Muuguzi wa England

Askari hatozwi ada ya kujifunza kwata. Hulipa kwa utumishi wake. Muuguzi wa England hana bahati hiyo. Tangu Agosti 2017, Serikali ya Uingereza ilipofuta ruzuku kwa wanafunzi wapya, yeye husoma kwa mkopo, ingawa kanuni humtaka atimize saa 2,300 za mazoezi akihudumia wagonjwa. Yaani hukesha wodini, kisha hudaiwa! Maombi ya kujiunga yalipungua. Mwaka 2020 ulirudishwa msaada wa pauni 5,000 kwa mwaka usiodaiwa. Lakini ada ikabaki kuwa deni, na aliyeanza masomo tangu Agosti 2023 aweza kukatwa mshahara kwa miaka 40.

Scotland na Wales hazikufuata njia hiyo. Scotland humlipia mkaazi wake ada na kumpa pauni 10,000 kila mwaka. Wales hulipa ada ya yule anayeahidi kuitumikia hadi miaka miwili baada ya kuhitimu. Sisi twaona mkataba huu wa Wales, unaofanana na kiapo cha askari, ndio wa haki zaidi. Avunjaye ahadi hutakiwa kurudisha fedha.