Klabu ya Baiskeli Katika Miezi ya Mvua

Katika nchi za baridi, klabu za baiskeli za milimani hazilali miezi ya theluji inapoingia. Mashindano yamekwisha, jua linazama mapema na njia za msituni zimelowa; hata hivyo wanachama hukutana jioni bandani, wakafungua magurudumu, wakapaka grisi, wakafundishana ufundi na kupanga michango ya mwaka unaofuata. Klabu isiyofanya hivyo hujikuta, siku ya kwanza ya jua, na baiskeli zilizoshika kutu na wanachama waliokwisha kuzoeana na viti vya nyumbani.

Kabazana haina theluji. Kijiji hicho kimo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, mahali pasipofika nyuzi moja kutoka ikweta. Lakini kina mvua: zile za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Disemba. Barabara za udongo, ambazo wakati wa kiangazi huwavika watu vumbi jekundu, hugeuka utelezi. Majira ya baridi ya mwendesha baiskeli wa Kabazana, basi, ndiyo hayo, na yafaa vijana wenye kupenda mchezo huu wayatumie kama wenzao wa ng'ambo wanavyoyatumia.

Chombo chenyewe kina majina mengi kama walivyo wakazi. Mkongo hukiita kinga, Mrundi ikinga, Mnyarwanda igare, Msomali baaskiil, na Munyankole mwenyeji wao egaari. Abiria wengi siku hizi huchukuliwa na pikipiki, ingawa neno bodaboda, kama inavyosimuliwa, lilizaliwa na waendesha baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu mpakani Busia. Baiskeli imebakiwa na kazi nzito zaidi: madumu ya maji, magunia ya mahindi, mikungu ya ndizi, kuni na makaa. Na tangu mgawo wa chakula ulipoanza kupunguzwa kwa makundi mwaka 2023, kisha Mpango wa Chakula Duniani ukatangaza mwezi Mei 2025 kwamba wakimbizi wapatao 1,000,000 nchini Uganda hawatapewa tena, kazi hiyo imekuwa ndiyo sufuria ya jioni katika nyumba nyingi. Baiskeli iliyolala wiki mbili kwa sababu ya ekseli iliyovunjika si hasara ya mchezo. Ni hasara ya jikoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo klabu yapaswa kuwafundisha wanachama wake ni kutopanda. Maneno haya yatawachekesha vijana, lakini klabu za milimani duniani kote huyashika kama kanuni: njia nyembamba iliyolowa haipitwi kwa magurudumu. Tairi hukata mfereji mwembamba katika matope. Mvua inayofuata huufuata mfereji huo na kuupanua. Baada ya msimu mmoja pana korongo. Na korongo la mlimani halibaki mlimani. Huteremka likaingia katika shamba la maharagwe la mtu, aghalabu mjane ambaye hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake. Wanaotaka kufanya mazoezi siku za mvua na wafuate barabara kuu yenye changarawe, au wangoje udongo ukauke. Kama hapana budi kupita njia ya mguu, mtu ashuke na kuisukuma baiskeli yake.

Jambo la pili ni breki. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin County, jimbo la California, walikuwa wakishindana kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu nzito zenye matairi manene. Huko ndiko mchezo wa baiskeli za milimani ulikopata umaarufu wake. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nazo zilipata moto hata grisi ikatoka moshi, ikawalazimu kufungua kitovu na kuijaza upya baada ya kushuka. Ndiyo sababu mteremko wao mashuhuri uliitwa Repack, maana yake kujaza tena. Vijana wale walikuwa wamejibeba wenyewe tu. Anayeteremka vilima vya Isingiro akiwa na madumu matatu ya lita 20 nyuma yake amebeba zaidi ya kilo 60, nazo breki zake ni vipande vya mpira vinavyobana ringi.

Mpira juu ya ringi iliyolowa haushiki mara moja. Kwanza huyafuta maji, ndipo ushike; na katika muda huo mfupi baiskeli imekwisha kwenda mbali. Mwendeshaji hodari hubana kidogo kidogo kabla ya kufika mteremkoni, ringi ikauke, kisha huteremka polepole. Vipande vya mpira vitazamwe kila wiki: punje ya mchanga iliyojikita ndani yake hukwangua ringi kama tupa, nayo hutolewa kwa ncha ya msumari. Kwenye mteremko mkali penye mzigo, kushuka na kutembea si aibu.

Mnyororo nao una adui wawili, maji na ukarimu wa mwenyewe. Wengi huumwagia oili chafu ya injini mpaka ukadondoka, wakidhani wameutendea wema. Oili hiyo hushika mchanga, na mchanga na oili pamoja husaga meno ya gurudumu la mnyororo. Yafaa ufutwe kwanza kwa kitambaa kikavu, utiwe tone moja la mafuta mepesi ya mashine katika kila kiungo, kisha ufutwe tena nje. Mafuta ya kupikia yaachwe jikoni. Huganda yakawa kama gundi. Matope ya fremu yakwanguliwe yakiwa yamekauka, na maji yasimwagwe kwa nguvu penye vitovu, kwani huosha grisi na kuziachia gololi kutu.

Kuhusu pancha, miiba ya migunga haijui msimu, lakini kiraka kilichobandikwa mvuani hakidumu. Mpira ukaushwe, usuguliwe kwa msasa, upakwe gundi nyembamba, nayo iachwe mpaka isiwe tena na unyevu wa kung'aa. Ndipo kiraka kibandikwe na kukandamizwa. Haraka ya dakika tatu hulipwa kwa kutembea maili tatu. Na kabla ya kurudisha mpira, vidole vipitishwe taratibu ndani ya tairi lote, maana mara nyingi mwiba bado umo.

Miezi hii ni mizuri pia kwa kuwafundisha akina mama na wasichana, wakati ambapo hakuna mashindano na uwanja wa mpira uko mtupu asubuhi. Kiti kishushwe hata miguu yote miwili ifike chini. Mwanafunzi asukume ardhi kwa miguu, bila kugusa pedali, mpaka mwili ujue usawa. Baada ya hapo pedali huja zenyewe. Mnyororo uwe na kifuniko ili nguo isinaswe.

Wapo wazee watakaonung'unika kwamba si desturi. Masomah Ali Zada aliyaona makubwa kuliko manung'uniko: alipoendesha baiskeli Kabul, nchini Afghanistan, alitupiwa mawe. Alipata hifadhi Ufaransa mwaka 2017, na katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alikimbia mbio za saa akiwa katika timu ya wakimbizi. Alimaliza wa mwisho. Miaka mitatu baadaye, mjini Paris, timu hiyo hiyo iliongozwa naye, akiwa mkuu wa msafara wake.

Habari za mchezo wenyewe zimekuwa njema kwa upande huu wa dunia. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio za Tour de France na kuvaa fulana ya kijani hadi mwisho, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Waeritrea waishio Nakivale wana haki ya kutembea kifua mbele. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Vilima vya Kigali, ambavyo ni ndugu wa vilima vya Isingiro, viliwachosha mabingwa: katika mbio za wanaume, alizoshinda Tadej Pogačar wa Slovenia, waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Imebaki habari ya sanduku la klabu. Pampu moja nzuri, spana za kukaza ekseli, msasa, gundi, vipande vya mpira mkuukuu na kopo la grisi vyatosha kuanzia, na michango midogo ya kila wiki yaweza kuvinunua kwa bei ya Mbarara, maadamu anayekwenda mjini kwa shughuli zake atumwe na wenzake badala ya kila mmoja kulipa nauli. Daftari liwepo, na kila anayeazima atie jina. Mtunza sanduku asiwe fundi mwenye kuuza vipuri, hata kama ni mtu mwaminifu, kwani pampu ya klabu itaharibika mara nyingi kuliko yake. Akichaguliwa mama ambaye nyumba yake i karibu na barabara na haifungwi mchana kutwa, itafaa zaidi. Naye apewe matengenezo ya baiskeli yake bure.

Sanduku liwe pia na vitambaa vyeupe. Jua la ikweta huzama karibu saa moja mwaka mzima, lakini wingu la mvua huleta giza saa kumi na mbili, na baiskeli nyeusi yenye gunia jeusi haionekani na dereva wa lori. Kitambaa cheupe kifungwe nyuma ya mzigo, si nyuma ya kiti, ambako gunia litakifunika.